Muulize Mzee wa Anga: Kwenda saa saba, kurudi saa ishirini na mbili?

*Mzee wa Anga, shikamoo. Binti yangu yuko New Jersey, jirani na New York, na amejifungua pacha. Mwezi wa Januari naenda kumwangalia mzazi na kuogesha watoto. Sijawahi kupanda ndege zaidi ya ile ya Kisumu kwenda Nairobi. Tiketi inasema nitatoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 kesho yake. Wakati wa kurudi natoka 12:25 na kufika 10:55 ya siku inayofuata. Nikihesabu kwa vidole, kwenda ni saa saba, kurudi ni saa ishirini na mbili na nusu! Mjukuu wangu ameangalia kwenye simu, akasema ni saa kumi na tatu tu, kilometa 11,850. Mwalimu jirani yetu anasema ni maili 6,400. Mhasibu wa kanisa anasema maili 7,360. Nani mwongo hapa? Na dawa yangu ya presha, ambayo humeza saa mbili usiku kila siku, nitafuata saa ya nani?*
— Nyanya wa Pacha, Kakamega

Marahaba, mama, ingawa nashuku tumekaribiana umri. Hongera ya pacha.

Hakuna mwongo. Tuanze na mwalimu na mhasibu, maana nakuona unakaribia kuvunja ujirani. Mwalimu anahesabu maili za baharini, ambazo kila moja ina mita 1,852. Mhasibu anahesabu maili za nchi kavu, mita 1,609. Mjukuu yuko kwenye kilometa. Wote watatu wanapima njia moja. Kule Embakasi, kwenye kiwanja cha ndege cha Nairobi, nilikofanya kazi miaka ishirini na saba nikiwapangia marubani njia, tuliishi kwa hiyo maili ya mwalimu. Imekatwa kutoka kwenye dunia yenyewe: duara la dunia lina nyuzi 360, kila nyuzi ina dakika 60 (si dakika za saa), na dakika moja juu ya uso wa dunia ndiyo maili moja ya baharini. Marehemu baba yangu, nahodha wa jahazi kule Lamu, hakusoma darasa hata moja, lakini hilo alilijua.

Hizo kilometa 11,850 hupatikanaje? Sebuleni kwangu nina tufe la dunia, limebonyea upande wa Australia tangu wajukuu walifanye mpira. Nimechukua uzi wa mke wangu wa kushonea kofia, nikabana ncha moja Nairobi na nyingine New York, nikavuta hadi ukakaza. Mama, uzi haupiti unapodhani. Ukitazama ramani ya ukutani, ile bapa ya shuleni, ukapiga mstari kwa rula, utapita Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania, halafu baharini. Uzi kwenye tufe unapanda juu zaidi: Uganda, Sudan Kusini, kandokando ya Darfur, Chad, Niger, Algeria, Morocco, kisha Atlantiki karibu na visiwa vya Azores, unapinda taratibu na kushukia New York kutoka upande wa kaskazini mashariki. Anayefuata rula ataongeza kilometa 350 hivi bure. Dunia ni chungwa, na ganda la chungwa ukilibandika ukutani lazima lichanike au livutike. Huko kuvutika ndiko kunakoidanganya rula.

Sasa simu ya mjukuu. Simu huchukua urefu wa uzi, ikaugawa kwa mwendo wa ndege. Ndege utakayopanda, hiyo Boeing 787, ikishatulia juu huenda kama kilometa 900 kwa saa. Gawa 11,850 kwa 900, unapata saa 13 na dakika chache. Hesabu haina kosa. Kosa ni kudhani ndege husafiri juu ya uzi, kwa mwendo mmoja, tangu inapotoka hadi inapofika.

Tiketi inahesabu vingine. Kwetu sisi saa ya safari huanza vizuizi vinapoondolewa kwenye magurudumu, na huisha vinaporudishwa. Ndani yake mna kusukumwa nyuma, kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda juu taratibu na tumbo lililojaa mafuta, na kule New York, foleni. Weka na kukwepa. Kuna anga zisizopitika: tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, anga yao ilifungwa kwa ndege za abiria, na njia nyingi za kutoka kwetu kwenda kaskazini zikapinda. Kisha kuna upepo. Nitaurudia huo, kwa sababu ndio niliokula nao mshahara.

Lakini kwanza nikutoe kwenye hizo saa saba. Tiketi huandika saa ya mahali ulipo: ya kuondoka ni ya Kenya, ya kufika ni ya New York. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Usihangaike na kujumlisha na kutoa. Fanya hivi: itazame saa ya ukutani kwa binti yako tu, ya kwako isahau. Ndege inapoondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku, ukutani kwa binti ni saa tisa na dakika 25 alasiri. Unapotua, ukutani hapo hapo ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Kutoka tisa alasiri hadi kumi na mbili asubuhi ni saa kumi na tano. Umemaliza. Wakati wa kurudi tumia saa ya kwako Kakamega: ndege inatoka huko kwetu ikiwa saa mbili na dakika 25 usiku, inafika saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Saa kumi na nne na nusu.

Ukichelewa kule hadi baada ya Jumapili ya pili ya Machi, wenzetu watakuwa wamesogeza saa zao mbele, na tofauti itabaki saba hadi Novemba. Sisi wa Ikweta hatuna mchezo huo. Jua letu halibadiliki kiasi cha kutusumbua.

Jambo ambalo hukuniuliza, lakini nataka ulijue usije ukashtuka: hutaona jua safari nzima. Jua litakuchwa Nairobi kama saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, ukiwa njiani kwenda kiwanjani. Utaruka usiku, utakwenda magharibi ukilikimbia jua linalokufuata nyuma, na utatua New York bado giza, maana Januari kule jua huchomoza kama saa moja na dakika 20. Tangu kuchwa hadi kuchomoza, ni usiku wa karibu saa ishirini na moja. Ukiamka katikati ukafungua kidirisha na kuona giza, lala tena. Wakati wa kurudi ni kinyume: umepanda mchana, na saa mbili tatu baadaye jua linazama huku abiria wakidhani saa zao zimeharibika.

Dawa: muulize daktari wako kabla ya kuondoka na akuandikie kwenye karatasi. Mimi nakupa hesabu tu. Saa mbili usiku ya Kakamega, Januari, ni saa sita mchana ya New Jersey. Siku ya safari utaimeza kiwanjani kwa sababu saa mbili utakuwa umeshafika. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, usiitie kwenye sanduku linaloenda tumboni mwa ndege. Na kila baada ya saa mbili hivi simama, tembea hadi msalani hata kama huna haja. Miguu huvimba.

Sasa upepo, nikianzia na hewa yenyewe. Kwa nini ndege yako inaondoka usiku wa manane kama mwizi? Kiwanja cha Nairobi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi, na bawa hubebwa na hewa. Kenya Airways walipoanzisha njia hii tarehe 28 Oktoba 2018, walisema kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu kumi na wawili. Tani 85 ni kama ndovu dume kumi na wanne. Kuwarusha ndovu hao kutoka mlimani saa nane za mchana, jua la Athi likiwaka, ni kazi. Usiku hewa imepoa, imeshiba, bawa linapata pa kushika. Majirani zetu wa Addis Ababa wako juu zaidi, mita 2,300 na ushei, na kwa miaka mingi ndege zao za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, ilhali za kurudi huja moja kwa moja. Umbali ni ule ule; mlango wa kutokea ndio mgumu.

Mimi nilistaafu 2016, miaka miwili kabla ya njia hiyo kufunguliwa, na sitaficha kwamba niliona wivu. Usiku ule wa Oktoba nilikaa barazani na tufe langu, nikaipanga safari ambayo hakuna aliyeniomba niipange.

Juu huko, kama kilometa kumi kwenda juu, mna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini huwa mikali. Kilometa 200 kwa saa si ajabu. Ukienda New York unaipanda kama anayepiga kasia dhidi ya mkondo. Ukirudi inakusukuma. Mwezi wa Februari 2020, dhoruba ilipopita Atlantiki, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London chini ya saa tano, safari ambayo kwa kawaida ni saa sita na zaidi. Mpangaji mwenye akili haufuati uzi kipofu. Nilipokuwa nikizipangia ndege za kutoka Ulaya na za kwenda huko, kuna nyakati niliongeza kilometa mia mbili kwa makusudi, nikaukwepa mto wa upepo, ndege ikafika mapema na mafuta yakabaki. Wakubwa wapya wa ofisi walikuwa wakitazama ramani wakidhani nimelewa.

Utauliza: kama upepo unanisukuma, mbona kurudi nimepunguziwa nusu saa tu? Kwanza sehemu kubwa ya njia yako iko juu ya Afrika ya joto, ambako hiyo mito haina nguvu. Pili, ratiba imewekewa akiba ya foleni za New York. Ukiondoka pale bila foleni, utafika Nairobi kabla ya saa iliyoandikwa, na mwenye gari anayekuja kukupokea atakuwa bado yuko kwenye msongamano wa Mombasa Road. Mwambie awahi.

*Mzee wa Anga, sisi tuko Maskati, asili yetu Unguja. Marehemu babu alikuwa akisimulia kwamba safari ya jahazi kuja huku ilimaliza mwezi. Mimi huipiga kwa saa tano na nusu. Je, ni umbali ule ule?*
— Mjukuu wa Baharia, Ruwi

Kiwanja hadi kiwanja, Unguja na Maskati ni kama kilometa 3,900. Babu yako alikwenda zaidi ya hizo, maana jahazi haikati moja kwa moja. Waliambaa pwani ya Banadir, wakavuka kwenda upande wa Hadhramaut au Dhofar, wakaambaa tena hadi Ras al Hadd, ndipo wakaingia Sur na Maskati. Na njiani mlikuwa na bandari, biashara, maji ya kunywa, harusi za watu.

Ila ukimuuliza babu "ni mbali kiasi gani," asingekujibu kwa maili. Angekuuliza unaondoka lini. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi na kuleta majahazi huku kwetu. Kusi huyarudisha, lakini kusi la Juni na Julai ni la kuvunja milingoti, kwa hiyo ama utoke mapema au usubiri demani, kusi likishatulia. Ukiondoka tanga mbili, upepo haujaamua, utakaa. Baba yangu alinisimulia walivyokaa siku tisa mbele ya pwani ya Wasomali wakiutazama mnara mmoja, asubuhi uko kulia, jioni uko kushoto. Mabaharia walimaliza hadithi zote wakaanza kuzirudia.

Nilipoanza kazi Embakasi niliona ofisi ina ramani za upepo ukutani, mishale juu ya mishale, nikajua nimerithi kazi ya mzee. Tofauti ni kwamba njia yenu ya Unguja na Maskati inaelekea zaidi kaskazini kuliko mashariki, kwa hiyo mito ya upepo ya juu inaikata badala ya kuifuata. Ndiyo maana kwenda na kurudi kwenu hakutofautiani sana. Ukifika Maskati, sogeza saa yako mbele kwa saa moja, basi.

*Shikamoo mzee. Mwalimu wa jiografia ametufundisha kwamba kwenye Ikweta dunia inazunguka kwa kilometa 1,670 kwa saa. Kwa nini ndege isipande juu ikasimama tu, ikangoja Amerika ije chini yake? Ingefika kwa saa saba!*
— Mwanafunzi wa Kidato cha Pili, Morogoro

Marahaba. Umefikiri vizuri, na usiwaache wenzako wakucheke. Siku moja ukiwa ndani ya daladala inayokimbia, rusha chungwa juu kidogo. Linakurudia mkononi, haliendi kumpiga abiria wa kiti cha nyuma. Chungwa lilikuwa likienda na gari kabla hujalirusha, na hewa iliyomo ndani inakwenda na gari pia. Dunia ndiyo daladala. Ndege ikiwa imesimama Nairobi tayari inazunguka kwa mwendo huo huo wa mwalimu wako, na hewa inayoizunguka nayo inazunguka. Ikipanda juu na "kusimama," inasimama juu ya Nairobi. Helikopta hufanya hivyo kila siku, na chini yake haiji Amerika, anakuja askari kuuliza kibali.

*Mzee, mume wangu alikosa ndege ya kwenda Jeddah kutoka Dar. Tiketi ilisema tarehe 14, saa 02:40. Alikwenda kiwanjani tarehe 14 usiku, akaambiwa ndege imeondoka jana. Nani alaumiwe?*
— Mke wa Msafiri, Tanga

Pole sana, mwanangu. Asilaumiwe mtu, tatizo ni saa za aina mbili zinazoishi nyumba moja. Kwetu wengi huihesabu siku tangu jua linapochomoza, kwa tiketi siku huanza katikati ya usiku. Saa 02:40 ya tiketi ni saa nane na dakika 40 usiku, na ni usiku ule ambao sisi tunauita wa kuamkia tarehe 14. Kwa hiyo mtu anakula chakula cha jioni nyumbani tarehe 13, anaaga, anaondoka. Ukiona saa ya tiketi imeanza na sifuri, 00 hadi 05, jua kwamba unaondoka nyumbani usiku wa kuamkia tarehe iliyoandikwa. Nilimwandikia mpwa wangu hivyo kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi yake: "Toka nyumbani JUMATATU baada ya isha." Alifika saa nne kabla, akanipigia simu kunilalamikia. Afadhali hivyo.

*Mzee, safari ndefu kuliko zote bila kutua ni ipi?*
— Mdadisi, Bujumbura

Singapore hadi New York, ndege ya Singapore Airlines. Kilometa 15,300 na kidogo, zaidi ya saa kumi na nane ndani ya Airbus A350 iliyotengenezewa kubeba mafuta ya ziada. Nyanya wetu wa Kakamega akishaizoea yake ya saa kumi na tano, anaweza kuijaribu. Mimi magoti yangu yameshakataa.